Mwezi Uliouona Ukanyamaza

Mwanangu Mwanaidi,

Barua hii haina safari ndefu. Inatoka chumbani kwangu inakuja hadi juu ya begi lako hapo ukumbini. Nakusikia wewe na shangazi yako Mwanahawa mnabishana kuhusu ndoo. Yeye anataka uende nayo, wewe unasema Tanga nako ndoo zinauzwa. Nimewaambia kichwa kinaniuma, nikajifungia. Hakiniumi. Nilitaka niandike bila wewe kuniuliza, baba, unaandika nini.

Utasema si ungeniita tu tukazungumza. Ningekuita, lakini tukizungumza huwa unanishinda. Nikisema neno moja wewe una matatu, na mwisho wake nabaki kuitikia tu kama mwanafunzi. Karatasi haikatizi mtu. Na mambo ya chandarua, ya kula kwa wakati, ya watu wa kuwaepuka, shangazi yako ameshakumalizia tangu juzi, mengine ameyarudia. Mimi nina jambo moja.

Leo mchana, akiwa anapepeta mchele, shangazi yako aliniambia ulichomnong'oneza. Kwamba unataka kukiomba chuo uripoti baada ya Idi. Kwamba kesho unaweza kufika gatini na begi lako, boti ya kuvuka kwenda Nyamisati, bara, ikaondoka, wewe ukarudi nyumbani. Usimkasirikie, amesema kwa kuwa anakupenda. Mwaka jana ulipata nafasi hiyohiyo ya kusomea mashine za boti, ukaiacha, ukatuambia unataka kwanza kujifunza kwa mafundi wa hapa Kilindoni. Nilikuamini kwa sababu nilitaka kukuamini. Sasa najua. Ramadhani imekaribia, na mwisho wa Ramadhani mwezi wa Idi utaandama, na wewe hutaki unikute peke yangu.

Naomba upande boti, mwanangu. Na ili uipande kwa moyo mweupe, nitakueleza mambo ambayo mengi yake unayajua kuliko mimi, na moja ambalo huna habari nalo.

Nilikuwa mlevi wa tembo la mnazi, na tembo likikosekana, wa chochote kilichokuwamo kwenye chupa. Nimeliandika neno hilo bila mkono kutetemeka, angalia mwandiko. Zamani nisingeliandika wala kulitamka, kwa sababu nilikuwa na ushahidi kwamba mimi si mlevi, na ushahidi wenyewe ulikuwa Ramadhani.

Kila mwaka ilikuwa hivyo. Siku ya kuvunja jungu nakunywa mpaka nabebwa, kesho yake nimefunga, nimevaa kanzu, usiku niko kwenye tarawehe na kofia imenyooka. Mwezi mzima sigusi. Siku za kwanza natetemeka, natoka jasho, silali, futari nikiila inarudi. Tukasema saumu imenikamata. Mama yako alinipikia uji wa pilipili manga, majirani wakanihurumia, na wapo walionisifu kwamba nafunga na hali mwili hautaki. Siku hizo zikipita nakuwa mtu. Narudi nyumbani na samaki mkononi, nakuchongea viboti vya mbao, nakupeleka pwani kuvielesha. Mtu akinigusia habari ya pombe namjibu, mlevi gani huyo anayeweza kuacha mwezi mzima? Mimi nikitaka naacha. Kisha mwezi wa Idi unaandama, na mimi sitaki tena.

Sidhani kama kuna walevi wengine duniani wenye maficho kama yale. Ni kosa letu sisi tunaofunga. Mwezi ambao wenzangu waliutumia kumrudia Mungu, mimi niliufanya cheti cha afya, nikakitembeza mtaani.

Sasa nikukumbushe ile jioni, ingawa najua hujaisahau. Ulikuwa mdogo, hata meno ya mbele hayajaota vizuri. Tulikwenda pwani na watoto wa mtaa kuutafuta mwezi wa Idi. Upande wa bara kulikuwa na utepe wa wingu na juu yake anga jeupe. Wazee wakakuita wewe, maana macho yako yalikuwa na sifa. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa kwanza kuuona na wakakununulia visheti. Ukatazama kwa muda mrefu, ukakunja ukingo wa gauni lako mkononi, ukasema hakuna kitu. Tukarudi tukijua kesho tunafunga. Mama yako akaloweka kunde za futari.

Kisha redio ikasema mwezi umeonekana kwingine na kesho ni Idi. Mtaa mzima ukafurahi, watoto wakatoka na makopo wakayapiga, na wewe ukalia. Mama yako akadhani unalilia gauni la sikukuu ambalo fundi cherehani alikuwa hajalimaliza. Mimi sikudhani chochote, nilikuwa nimeshavaa ndala. Nilipofika mlangoni nikakuta umetia komeo na umesimama mbele yake. Nilikuondoa taratibu, kwa kuwa bado nilikuwa mzima, nikafungua nikatoka. Wala sikujiuliza mtoto anafanya nini mlangoni.

Baadaye mama yako alichoka, akadai talaka yake, akarudi kwao Kirongwe. Hakukosea, na siku hizi tukikutana tunasalimiana vizuri na naulizia watoto aliozaa huko kwa dhati. Wewe ulikataa kwenda naye. Watu wakasema yule mtoto anampenda baba yake, nami nikajivuna. Kumbe mtoto alikuwa zamu.

Ramadhani niliyoanguka, wewe ulikuwa umeanza sekondari. Zilikuwa siku za mwanzo za mfungo. Nilikuwa chini ya mashua nakalafati, nasindilia pamba kwenye nafasi za mbao, na mkono ulitetemeka hata nyundo ikawa inapiga pembeni. Nakumbuka harufu ya mafuta ya papa ya kupaka mashua, kisha sikumbuki tena. Wanasema nilikakamaa na kutoka povu. Nilipozinduka watu walikuwa wamenizunguka wananisomea, na shangazi yako anatafuta wa kumtuma kwa mganga, maana kwake lile lilikuwa jini la baharini na halikuwa na mjadala. Wewe ulikuwa umeshasimamisha bajaji. Alipokukemea, ulimwambia kwa adabu zote kwamba kwa mganga tutakwenda tukitoka hospitali. Kisa hicho anakisimulia mpaka leo, nusu kwa hasira na nusu kwa fahari.

Hospitali, yule dada tabibu aliniuliza kama nakunywa pombe. Nikamjibu nimefunga. Akauliza, na kabla ya kufunga? Nikaanza wimbo wangu, kwamba mimi si mlevi, kila Ramadhani naacha mwezi mzima, muulize mtoto huyu. Akakugeukia. Ulikuwa umesimama miguuni pa kitanda, umeshika ndala zangu.

“Anaacha, daktari,” ulisema. “Halafu mwezi unaandama. Mimi nimewahi kuuona nikanyamaza, nikawadanganya watu wazima wote, na haikusaidia.”

Tabibu hakuelewa. Mimi nilielewa yote kwa pamoja, pwani, machozi, komeo. Niligeukia ukutani nikalia. Wewe uliziweka ndala chini ya kitanda, ukazipanga sawasawa, ukatoka nje. Nimeona aibu mara nyingi maishani na nyingi zilinifanya nikanywe zaidi. Ile ya siku ile ndiyo pekee ninayoishukuru.

Ulikuwa nje, kwa hiyo hukusikia alichoniambia. Alisema mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla hupigana, na kule kutetemeka, jasho na kuanguka kulikuwa ndiko huko kupigana. Kila mwaka, nilipokuwa najisifu kwamba nimeacha peke yangu kama mwanamume, nilikuwa nacheza na roho yangu. Mtu aliyefika nilipofika anatakiwa aachishwe kwa dawa na kuangaliwa. Akanilaza. Siku ya kuniruhusu akaniambia kwa upole kwamba kuacha kwa mwezi si kuacha, ni kungoja. Nikaitikia ndiyo, nikidhani nimeelewa.

Ningependa kukuandikia kwamba hapo ndipo nilipoacha. Unajua si kweli. Idi ya mwaka uleule nilirudi nyumbani nikiwa sijui njia, ukanifungulia mlango, ukaniwekea maji ya kunywa karibu, ukarudi kulala. Ningefurahi sana kama ungenitukana.

Ilinichukua miezi kuelewa nilichoambiwa na yule tabibu. Nilikuwa naacha kwa kalenda. Ukishaipa pombe tarehe ya kurudi, mwili unakaa unaisubiri tarehe, hata uswali namna gani. Basi katikati ya Mfunguo Nane, mwezi ambao hauna mfungo wala sherehe, siku ya Jumanne isiyo na habari yoyote, nilikwenda hospitali kwa miguu yangu. Nikamwambia tabibu yuleyule nataka kuacha na safari hii hakuna mwezi ninaoungoja. Alicheka kidogo, nadhani kwa furaha, akaniandikia kitanda.

Baada ya hapo kazi ikawa ndogondogo na ya kuchosha. Hakuna anayekusifu kwa kutokunywa siku ya Jumatano. Nilikuwa hata sijui watu hufanya nini saa za alasiri. Tangu ujana wangu alasiri zangu zote zilikuwa na jibu moja. Wewe ukanisaidia bila kujisema. Ukawa unaleta mashine za boti mbovu kwenye karakana yangu, unazifungua hapo chini ya mashua, unaniomba nikushikie hiki na kile. Na kila mwezi wa Idi ulipoandama, lazima ilikuwepo mashine moja ya haraka isiyoweza kungoja kesho. Watu walitucheka, fundi na bintiye wanafanya kazi watu wakila pilau. Mashine ileile ya kijivu uliifungua na kuifunga Idi baada ya Idi, na haikuwa na ubovu wowote. Baba yako ni fundi mbao, mwanangu, lakini si mjinga.

Nilikuacha uendelee kwa sababu ilinifaa, na hapo nilikosea kwa namna nyingine. Pombe nilikuwa nimeiacha, lakini wewe nilikuwa sijakutoa zamuni.

Sasa lile usilolijua.

Mkesha wa Idi Kubwa iliyopita ulikuwa kisiwani Jibondo kutengeneza mashine ya watu, bahari ikachafuka, boti zikazuiliwa. Ulinipigia simu na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeacha jiko linawaka nyumbani. Nikakwambia usiwe na wasiwasi, nimekula na nalala. Sikuwa nimekula wala sikulala. Haukupita muda akaja Makame. Unamjua, mwenzangu wa tangu zamani. Usimfanye shetani katika kisa hiki. Makame amenibeba mgongoni mara nyingi kuliko ndugu zangu wa damu, na siku ile alikuja kwa wema, asiniache mpweke sikukuu. Alikuja na dumu la tembo. Akalitua uani, akaingia ndani kutafuta vikombe.

Nakwambia ukweli wote, kwa sababu nusu yake haitakusaidia. Nililitaka. Harufu yake ilinifikia, mate yakanijaa mdomoni, na wala sikukumbuka hospitali wala maneno ya mtu. Nilikumbuka tu ladha yake. Sikupigana kishujaa. Nilitoka na singlendi yangu, nikaacha mlango wazi na Makame ndani anafungua makabati, nikatembea mpaka Miburani kwa shangazi yako.

Nyumba yake ilikuwa imejaa wanawake wanapika vya sikukuu. Nikasimama mlangoni pa jiko. Sikuwahi kumwambia mtu maneno yale, hata wewe.

“Dada,” nikamwambia, “leo nalitaka.”

Mwanahawa alinitazama. Unamjua alivyo na maneno, nilitegemea hotuba, nilitegemea aniitie mashekhe wanisomee. Hakuita mtu. Akaisukuma kwa mguu mbuzi ya kukunia nazi ikanifikia.

“Basi kaa ukune,” akasema.

Nikakaa nikakuna. Wanawake walinicheka mpaka wakafuta machozi, mwanamume mzima na singlendi yake amepanda mbuzi jikoni mkesha wa Idi. Mimi mwenyewe nikaanza kucheka. Nilikuna nazi za wali, nikakuna za mikate ya kumimina, zilipokwisha akatuma zikaletwa za jirani. Wala hakuniuliza imepita au bado. Ilipita tu, sikuiona ilivyoondoka, kama kwikwi. Nililala barazani kwake juu ya mkeka, na asubuhi niliporudi nyumbani Makame alikuwa ameondoka na dumu lake, na mlango ameuegemezea jiwe usipige na upepo.

Ulipotoka Jibondo uliletewa kiporo cha ule wali. Ukala, ukasema mwaka huu shangazi amezidisha tui. Nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikikwambia nililitaka, hutaondoka kisiwani humu maisha yako yote. Basi nikakuficha, kama wewe ulivyouficha mwezi, na kwa upumbavu uleule wa kupenda. Sasa tuko sawa, hakuna anayemdai mwenzake.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hamu imekufa. Huja, siku hizi mara chache, na ikija nina mahali pa kuipeleka. Yule tabibu yupo. Shangazi yako yupo, na mbuzi yake ipo. Na Mafia hii, mwanangu, kitu cha mwisho kukosekana ni nazi. Nilipolielewa hilo asubuhi ile, nikitembea kurudi kutoka Miburani na mikono inanukia tui, nilijisikia mwepesi kama nimetuliwa mzigo ambao sikujua nimeubeba. Nilitamani kukwambia siku ileile. Nisamehe kwa kuchelewa.

Hukuniokoa kwa kunichunga. Nakwambia hivi si kwa kukudharau, bali ili ulale usingizi. Ulichonifanyia kilikuwa kusema kweli pale miguuni pa kitanda, na kile kimeshafanyika, hakina haja ya kurudiwa kila Idi. Kuniwekea komeo haikuwa kazi ya mtoto hata siku moja, na hukupaswa kuijua.

Nina wasiwasi mmoja tu na wewe, na nikiusema hutanipenda. Nimeona unavyomnusa mtu kabla hujamwitikia salamu. Nimeona unavyosikiliza hatua uani ujue anayekuja yuko vipi. Mimi ndiye niliyekufundisha hayo, na yatakufuata Tanga. Kule atatokea kijana mzuri mwenye matatizo yake, nawe mikono itakuwasha kumlinda. Mwache alindwe na mama yake. Wewe tafuta wa kucheka naye. Na siku utakapojikuta umekaa chumbani huna wa kumchunga, usidhani umesahau kitu. Ndivyo wenzako wote wanavyoishi.

Begi lako nimelipima kwa mkono mlipokuwa uani, ni zito. Najua ndani kuna spana zako, na ile ndefu ni yangu. Nenda nayo, nilikusudia kukupa.

Mwezi wa Idi ukikaribia nitakwenda pwani na watoto wa mtaa. Macho yangu yamechoka, sitauona wa kwanza, lakini nitasimama nao. Kisha nitakwenda Miburani kukuna nazi, hamu iwepo isiwepo, maana shangazi yako amekwisha nitangazia kwamba mwaka huu wali wa watu wote ni juu yangu. Wewe jioni hiyo toka nje huko uliko, utazame magharibi. Macho hayo hujayatumia kwa furaha tangu utotoni. Ukiuona mwezi, mwanangu, usinyamaze. Sema, sema kwa sauti wakusikie wote, halafu nipigie simu uniambie mimi.

Baba yako,
Shomari